Kidole cha Tata Kagure

Theuri alikuwa amemwalika mtu mmoja, wakaja wawili. Wa kwanza alikuwa Watiri, mchumba wake, ndani ya gambuti zake za kazi na sweta ya kijani, uso umefungwa kama duka la mwenye msiba. Wa pili alikuwa shangazi yake Watiri, Tata Kagure, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye mwavuli, kikapu cha chai na viazi, na tabasamu la mtu anayejua jambo.

"Mume wangu!" Tata Kagure akaita kutoka ng'ambo ya barabara, sauti ikafika mpaka kwa kinyozi. "Hujambo, mume wangu? Mbona umekonda? Ama ni mimi unawaza usiku?"

Soko zima la Ihururu likageuka. Kinyozi akasimamisha mashine katikati ya kichwa cha mtu. Theuri akashuka kwenye Landi Rova aliyoazima, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Sijambo, Tata."

Hakuna aliyeuliza kwa nini mama mzima anamwita kijana wa watu mume wake. Kisa hicho kilikuwa kimeshuka Nyeri mjini, kikapanda Nanyuki, na wanasema kilirudi kikiwa kimenenepa.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita, bomani kwa mzee Muriithi kule Tetu, palikuwa na ngurario, harusi ya kimila, ya binti yake Watiri na huyu Theuri, mwongozaji wa wapanda mlima kutoka Naro Moru. Mila inataka wanawake kadhaa wafunikwe leso kutoka utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, wapangwe mstari mmoja bila kusema neno, na bwana harusi amtoe wake. Akikosea, anatozwa kreti ya soda, watu wanacheka, anajaribu tena. Ni mchezo tu. Tangu watu waanze kuoana chini ya mlima huu, hakuna mwanamume aliyeharibu ndoa kwa mchezo huo, mpaka siku ile. Mara ya kwanza Theuri alimshika mkono Tata Kagure. Leso ilipofunuliwa, yule mama alipiga vigelegele vilivyokatisha usingizi wa popo wa Othaya. Mara ya pili akamshika Ngendo, binamu ya Watiri. Mara ya tatu haikufika. Watiri alijivua leso mwenyewe, akasema, "Niko hapa, kama kuna mtu ananitafuta," akaingia chumbani na kufunga mlango.

Nyama ililiwa, kwa kuwa Nyeri hakuna machozi yanayoshinda nyama. Lakini kiande, lile bega la mbuzi ambalo bwana harusi humkatia mkewe mbele ya wazee, halikukatwa. Na pasipokatwa kiande, hapana ndoa.

"Mtu amepotea mara mbili kwa sebule yangu," mzee Muriithi alisema, "atapata njia ya kurudi kwake akiwa na msichana wangu?"

Sasa wazee wa pande zote mbili walikuwa wamepanga kukutana Jumamosi. Ama kiande kikatwe, ama mbuzi wa mahari wa Theuri warudishwe Naro Moru mchana kweupe, wakipita madukani, kila mtu akiwahesabu. Na katika mwezi huo wote Watiri hakusema ndiyo wala hapana. Alituma ujumbe mmoja tu: "Uliniahidi maporomoko ya Karuru. Nionyeshe hiyo maji, halafu nikupe jibu."

Ndiyo maana Theuri aliposhika usukani mikono ilikuwa inatoka jasho, na Ihururu asubuhi hiyo ilikuwa baridi ya kugandisha maziwa kwenye kiwele.

Tata Kagure alipanda kiti cha mbele bila kuulizwa. "Mimi ndiye bibi mkubwa," akasema. Watiri akakaa nyuma, akatazama mashamba ya chai yakipita, kisha msitu, kisha mianzi iliyoinama juu ya barabara kutoka pande zote mbili. Theuri alimtazama kwenye kioo. Alikuwa na macho yale yale. Ila alikuwa ameyaweka mbali.

"Hujawahi kupita hapa?" akamjaribu.

"Nipite nikienda wapi? Sisi tunakunywa maji inatoka huku. Wanaokuja kuiangalia ni wazungu na watu wa Nairobi."

"Basi leo utaona inatoka wapi."

"Nitaona kama kuna mtu anajua kuonyesha. Mimi ninaingia kwa zizi na tochi imekufa, ninagusa kwato, ninajua hii ni ng'ombe ya Wachuka, hii ni ya mwalimu. Na ni ng'ombe! Hazijawahi kuniambia zinanipenda."

Watiri alikuwa daktari wa mifugo, na kule Tetu ng'ombe walimheshimu kuliko chifu. Tata Kagure akageuka kiti kizima kumtazama mpwa wake. "Wewe, usimsumbue mume wangu akiendesha."

Getini, Kiandongoro, walipewa askari wa wanyama wa kuwasindikiza, mtu mrefu mpole aitwaye Gikonyo, bunduki begani, maana huko juu mtu hatembei tu kama yuko kwake. Hapo mianzi ilikuwa imekwisha, wakaingia kwenye nyika ya juu, nyasi za mafungu mafungu na vichaka vyenye ndevu za kijivu. Na ukungu. Wanaoujua ukungu wa milima ya Nyandarua watakubali kwamba si ule wa kawaida. Kuna mtu wa Mweiga aliyewahi kutundika koti lake juu yake akachimba dawa, aliporudi koti lilikuwa bado limening'inia.

Waliacha gari, wakafuata njia ya miguu. Gikonyo mbele, Tata nyuma yake na mwavuli wake, kisha Watiri, kisha Theuri. Njia ilikuwa na tope na mizizi. Watiri alipoteleza, mkono wa Theuri ulikuwa pale kabla hajafikiri. Alimshika kiwiko. Kwa muda mfupi sana Watiri aliuacha mkono huo ukae, akavuta kiwiko chake taratibu, kama mtu anayetoa kijiko kwenye asali.

"Asante," akasema bila kugeuka.

Neno hilo moja Theuri alilibeba mpaka kona mbili zaidi.

"Hapa ndipo marehemu mzee wangu alikutana na nyati," Tata Kagure alikuwa anamweleza askari. "Wakaangaliana. Nyati anaangalia, mzee anaangalia. Nusu saa. Mwishowe nyati akaona haya, akapita kando."

"Nyati haoni haya, mama," Gikonyo akasema.

"Wewe hukumjua mzee wangu."

Wakafika mahali penye meza ya mbao na benchi. Mbele yake ngazi zilishuka kwenye jukwaa lililojengwa ukingoni, mahali pa kutazamia maporomoko. Sauti ya maji ilikuwa nzito, ilipanda kutoka chini ikaingia kwenye soli za viatu. Tata akakaa, akafungua kikapu. "Mimi magoti yangu imefika. Gikonyo, kaa, kunywa chai, nikwambie vile huyo mzee alishika chui mkia. Nyinyi wawili endeni. Lakini nitakuwa naskiza!"

Wakashuka. Theuri akaegemea mbao, akanyoosha mkono kuonyesha, halafu mkono ukabaki hewani.

Hapakuwa na maporomoko. Palikuwa na weupe. Karuru yote, ngazi zake zote tatu za maji, na bonde lote, vilikuwa vimefunikwa.

"Iko hapo," akasema.

"Ninasikia."

"Ukungu ukiondoka utaona."

"Na usipoondoka?"

Wakasimama bega kwa bega bila mabega kugusana, wakitazama kitu wasichokiona. Matone madogo yalikaa kwenye nywele za Watiri na kwenye kope zake. Theuri alitamani kuyapangusa kwa kidole gumba, akakifungia kidole hicho ngumini.

"Theuri, nimeacha ng'ombe inazaa kwa mwalimu nikaja hapa. Sema kitu."

"Niko na swali moja."

"Uliza."

"Mbona hukutikisa kidole?"

Watiri akakaza macho kwenye ukungu. Usiku wa kuamkia ngurario walikuwa wameongea kwenye simu mpaka moto ukazima jikoni kwa mama yake Theuri, na ni yeye Watiri aliyesema: nikiwa ndani ya leso, nitatikisa kidole cha mguu wa kulia, ujue ni mimi. Walicheka wote wawili kama watoto walioficha sukari.

"Mimi nilikuwa naangalia chini," Theuri akaendelea. "Nikaona kidole. Kilitikisika, Watiri, tena kwa nguvu! Nikaenda kama mtu ameitwa jina. Nikashika mkono. Kumbe Tata."

Mdomo wa Watiri ulicheza. Akaubana. "Changu nilikizuia."

"Najua ulikizuia. Nauliza kwa nini."

"Muulize Mburu."

Mburu alikuwa rafiki yake Theuri, msimamizi wake siku ile. Theuri akahisi baridi ikimwingia kolani.

"Niko ndani ya leso," Watiri akasema, na sasa sauti yake ilianza kupanda. "Sioni kitu. Moyo unapiga mpaka naona leso itatikisika. Nasema, sasa anakuja, huyu mtu wangu anakuja. Halafu nasikia Mburu anakunong'oneza, na mdomo umejaa mutura, ule utumbo wa mbuzi wa kwetu: 'Angalia kidole, mguu wa kulia.' Theuri! Hiyo ilikuwa yangu na yako. Umetoa siri ya kitandani hata kitanda hakijaletwa!"

"Nilimwambia asubuhi. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Baba yako. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayeuziwa punda mgonjwa. Nikamwambia Mburu, nikisahau mguu gani, unikumbushe. Nilikosa, Watiri. Sina maneno mengine. Nilikosa."

Maji yakanguruma chini. Watiri alijifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Nilitaka unitafute," akasema, taratibu. "Si kidole. Mimi. Nikasema, wacha nione kama ananijua bila kuonyeshwa. Haya, ukachukua Tata. Nikasema sawa, amechanganyikiwa, mara ya pili atatulia. Ukaenda ukashika Ngendo. Ngendo, anayenipita urefu na kichwa! Hapo ndipo ulinimaliza."

Theuri aliinama juu ya mbao za jukwaa. Alikuwa amelibeba jambo hili mwezi mzima. Mama yake alimwuliza, hakusema. Mburu alimwuliza, hakusema. Alipanda mlima na wageni mara mbili, akashuka nalo.

"Mara ya pili nilikujua," akasema.

"Usianze."

"Nilikujua."

"Leo kila mtu anaweza kusema alijua."

"Ulikuwa wa mwisho, karibu na kabati ya vyombo. Leso ya manjano. Ulikuwa umeweka uzito wote kwa mguu wa kushoto, vile umesimama sasa, tangu ile ng'ombe ya Wachuka ikupige teke ya nyonga. Nilipokaribia, ukashika pumzi. Nilipopita, ukaiachilia."

Watiri akatazama miguu yake. Kisha akamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu Ihururu, moja kwa moja, macho yameletwa karibu. Pumzi ile hakuwahi kumweleza mtu yeyote.

"Na ukanipita," akanong'ona.

"Nikakupita."

"Unanijua, na unanipita! Mbele ya baba yangu!"

"Nifanye nini? Tulikubaliana kidole, na sasa najua kile kilikuwa cha Tata. Chako kimenyamaza. Nikasema, huyu msichana amebadilisha roho na anaogopa kusema. Watu wamejaa, mbuzi wamechinjwa, baba yake amekaa pale na fimbo. Nikimtoa hapo, lazima akatiwe kiande na mtu hamtaki, na hatakuwa na mahali pa kusema hapana. Nikaona wacha waseme Theuri ni mjinga. Ni afadhali hivyo kuliko waseme Watiri alikataa mtu siku ya ngurario."

Machozi ya Watiri yakatoka bila ruhusa, yakachanganyika na ukungu. Akampiga kifuani kwa ngumi isiyo na nguvu.

"Mjinga wewe."

"Ndivyo walisema."

"Ungeniuliza!"

"Ndani ya leso?"

"Hata ndani ya leso! Ungeniuliza, 'Watiri, unanitaka?' Ningekujibu."

"Ungesema nini?"

Ngumi ilikuwa bado kifuani. Ikafunguka, ikawa kiganja. Theuri aliweka mkono wake juu yake.

"Ulinitisha," akasema Watiri. "Mwezi mzima nilifikiri nitaishi na mtu hajui nani yuko kwa nyumba yake. Kumbe unajua mpaka pumzi."

"Watiri, unanitaka?"

Alikuwa amefungua kinywa kujibu, sauti ikashuka kutoka juu kwenye benchi.

"Kidole gani mnasema?"

Tata Kagure alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kwanza, kikombe mkononi, Gikonyo nyuma yake akijifanya anatazama ndege.

"Tata!" Watiri akasema. "Siku ya ngurario, ulitikisa kidole?"

"Mimi? Ngai! Siafu iliingia katikati ya vidole! Unaambiwa simama kama mti, usiseme, usijikune, na siafu inakula mtu. Nilitikisa hiyo kidole mpaka ikaumwa. Mara nasikia kijana ameshika mkono yangu kwa nguvu. Nikasema asante Yesu, hata mjane hukumbukwa." Akanywa chai. "Siafu yenyewe ilikuwa kama panya."

Watiri alicheka. Kicheko kilimtoka tumboni, akainama, akashika mbao, na Theuri naye akacheka, na kila mmoja alipojaribu kunyamaza mwenzake akaanza tena. Walipotulia, Watiri alikuwa ameegemea bega la Theuri, na hakujiondoa.

Wakangoja. Gikonyo akamaliza chai, Tata akamaliza habari ya chui na kuanza ya ndovu. Ukungu haukuondoka. Mara moja ulipasuka kidogo, pakaonekana kipande cha maji meupe, urefu wa mlango tu, kikitoka mahali pasipoonekana na kwenda mahali pasipoonekana, ukajifunga tena. Ikabidi warudi, kwa kuwa geti lina saa zake.

Njiani kwenda kwenye gari Watiri alitembea ameshika mkono wake, na penye tope na pasipo tope. Hakuwa amejibu lile swali. Theuri hakumharakisha, ila moyoni alikuwa anaona mbuzi wake wakipita madukani Naro Moru.

Karibu na geti simu zikapata mtandao. Watiri akasema, "Simama hapa." Wakashuka wote, akapiga, akaweka sauti ya nje ili wasikie.

"Baba."

"Uko wapi wewe? Ng'ombe ya mwalimu imezaa. Ndume."

"Mungu asifiwe. Baba, ile maneno ya Jumamosi. Waambie wazee wachinje."

Mzee akakohoa. "Huyo kijana amekudanganya nini?"

"Hajanidanganya. Na tena, Baba, leso zitolewe. Nataka nifunikwe mara nyingine, mbele ya watu wote walikuwako."

Theuri aligeuka ghafla. Tata Kagure akaacha kutafuna.

"Kwani hamjashiba aibu?" mzee Muriithi akauliza. "Wacha akate kiande tuishe. Nitafute wapi soda ya kutosha kijiji yote kucheka?"

"Hatakosea."

"Na akikosea?"

"Nitakuwa nimekosea mimi, Baba, kwa sababu ndiye nimemchagua."

Walisikia kuku wakiparura uani kwake. "Mwambie afike mapema," mzee akasema mwishowe. "Na asije na yule rafiki yake wa kula mutura."

Simu ikakatika. Theuri alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa Landi kama mtu aliye ukingoni.

"Watiri. Na kidole?"

"Hakuna kidole."

"Kukohoa kidogo?"

"Hata kupumua hutasikia. Na nitasimama kwa miguu yote miwili."

"Sasa nitakujuaje?"

"Hiyo ni kazi yako." Alikuwa anatabasamu, lakini macho hayakuwa ya mchezo. Akafungua mlango wa mbele, akakaa, akageuka kumwelekea kabisa, akarudisha nywele nyuma ya masikio ili asifiche kitu. Tata Kagure, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alipanda nyuma bila kusema neno. "Leo ni Jumatano. Uko na wakati. Niangalie."

Theuri akawasha gari, akamwangalia. Alimwangalia paji la uso, na kovu dogo la pembe ya ndama chini ya sikio, na jinsi shingo yake ilivyoinama anapongoja, mpaka Tata Kagure akauliza kutoka nyuma ni nani sasa anaangalia barabara.